Mkeka Imechanika Tena? Wewe Hujachanika

Kwanza tuelewane, mse: hujarudi ziro.

Najua kichwa inakushow nini sai. Ulikuwa umetulia. Miezi imepita hujagusa apu, rent unalipa kwa wakati, mathe ameanza kukutuma na doo ya unga bila kuhesabu chenji, na maboyz wa base walikuwa wameanza kukuita pasta. Halafu Jumamosi ikafika. Kuna doo iliingia, ama kuna stres iliingia, ukajiambia ni mbao tu, unacheki tu ka akaunti bado inafunguka. Kufika saa nane usiku ngiri nne imeenda, Fuliza imefika mwisho, na wewe uko macho kwa giza ukijiita majina yenye huwezi ita hata adui yako.

Wahenga walisema kuteleza si kuanguka. Umeteleza, ndio, na hakuna haja ya kuipamba: hiyo doo imeenda na imeuma. Lakini kati ya kuteleza na kuanguka kuna masaa kadhaa hivi, na mara mob hayo masaa ndio yanaamua kila kitu. Ka unasoma hii ukiwa bado ndani yake, hii stori ni yako.

Beti ya pili ndio inamaliza watu

Kulikuwa na buda mmoja wa saikolojia, Alan Marlatt, alikuwa anafunza chuo cha Washington huko Seattle, Marekani. Alichunguza kwa miaka watu wenye waliacha pombe wakarudi, na 1985 yeye na mwenzake Judith Gordon wakatoa kitabu kuhusu hiyo kurudi. Kitu moja aliicheki sana ni hii: glasi ya kwanza yenyewe haikuwa ndio shida kubwa. Shida ilikuwa ni stori mtu anajipigia baada ya kuimaliza. "Nishaharibu. Mimi ndio niko hivi. Basi wacha niharibu yote." Hapo ndio glasi moja inageuka wiki nzima ya kulewa.

Sasa kwa kubeti hiyo stori iko na sumu imeongezwa. Mlevi hata akiwa mlevi aje, hawezi amini ati glasi ya pili itamrudishia ile ya kwanza. Mbetaji anaamini. Anaona ngiri nne iko tu pale, imekaa kwa akaunti ya kampuni, inamngoja aikujie na ngiri moja ya kukopa. Hiyo ndio inaitwanga kufukuza doo. Na ukiuliza wasee wenye walipoteza nduthi, fee ya shule ama shamba ya guka, wengi watakushow haikuwa ile beti ya kwanza. Ilikuwa ni zile za kufukuza.

So ka kuna kitu moja utabeba kwa hii stori, beba hii: doo ya jana imeshaenda. Hairudi kwa njia ilipitia. Itarudi kwa mboka, pole pole, ama haitarudi, na bado utaishi.

Acha nikupigie hesabu, juu hesabu haina hasira na mtu. Tuseme kwa kila game kampuni imejiwekea faida ya bob tano kwa kila soo. Mkeka ya game moja, si mbaya sana. Lakini ukipanga game kumi, hiyo tano inakatwa juu ya ingine mara kumi, na kwa wastani soo yako imebaki ka bob 60 hata kabla refa apulize filimbi. Ile jakpoti ya game 17 nayo, kila game iko na majibu matatu: nyumbani, sare, ugenini. Zidisha tatu mara 17 upate njia 129,140,163 za kujaza hiyo fomu. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya milioni 47 na kitu. Kila mmoja wao, hadi katoi ka jana, angejaza mkeka mbili zenye hazifanani, na bado mikeka zaidi ya milioni 30 ingebaki bila mwenyewe.

Na kadege je? Ile Aviator inajisifu ati inarudisha 97 kwa kila soo. Inaskika poa, sindio? Shida ni moja: hakuna mtu hupaisha hiyo kadege mara moja. Raundi ni sekunde tu, so kabla hafutaimu ya game ifike ushapaisha mara 50. Soo yenye inakatwa tatu kwa kila soo, ukiirudisha yote mara 50, kwa wastani inabaki bob 22. Wewe hukuwa mjinga kupoteza. Hiyo kitu imetengenezwa ipoteze mtu, na ikafanya kazi yake.

"Nilichomwa na game moja tu"

Hii sentensi ndio hatari kuliko zote. Game tisa zimeingia, ya kumi timu imefungwa dakika ya 93, na wewe unaskia ni ka ulikuwa umeshika doo kwa mkono. 2009 watafiti wa Cambridge, Uingereza, waliweka watu kwa mashine ya kupiga picha bongo wakicheza mchezo wa kubahatisha. Mtu akikosa padogo, zile sehemu za bongo zenye huwaka ukishinda ziliwaka pia, na hamu ya kuendelea ikapanda. Yaani umepoteza, lakini bongo yako imeandika "karibu."

Kwa hesabu ya doo, karibu na mbali ni kitu moja. Mkeka yenye imechomwa na game moja na ile yenye imechomwa na game nane zote zinalipa ziro. So ukiskia hiyo sauti ikisema "wiki hii nilikuwa karibu," jua si kipaji chako inaongea. Ni ugonjwa. Na siiti ugonjwa kukutusi: Shirika la Afya Duniani liliiandika hii ya kubeti kwa orodha yake ya magonjwa, yenye ilianza kutumika 2022, kwa namba 6C50, kwa familia ya uraibu. Madaktari wa akili wa Marekani nao 2013 waliihamisha ikakaa pamoja na pombe na madawa. Hakuna mtu hucheka mgonjwa wa sukari, sukari ikimpanda siku moja. Anaulizwa amekula nini, anarudi kwa dawa.

Hizo miezi bado ni zako

Nduthi ikipata pancha Roysambu, hausemi ati safari kutoka Githurai imefutika. Husukumi nduthi hadi Githurai ndio uanze upya. Unaziba hapo hapo, unaendelea tao.

Hizo miezi ulikaa bila kubeti zilikufunza vitu. Unajua ball inaweza ishia bila mkeka na usife. Unajua mshahara inaweza lala kwa simu usiku mzima. Unajua ladha ya kuamka Jumatatu bila kuogopa meseji ya deni. Hiyo yote imebaki kwa kichwa, na kampuni haiwezi kuikata. Ka unapenda kuhesabu siku, hesabu, lakini andika namba mbili: siku tangu uteleze, na siku zote umekaa safi mwaka huu. Hiyo namba ya pili haishukangi.

Tena hii usiku imekuachia kitu ya maana: imekuonyesha penye ukuta yako iko na shimo. Ukipata nguvu, chukua karatasi uandike. Doo ilikuwa imetoka wapi? Saa ngapi? Ulikuwa na nani, ama ulikuwa solo? Nini ilifanyika dakika kumi kabla ufungue apu? Mse wa nduthi anapata doo kila siku, so kwake hatari ni kila jioni. Komredi wa campo hatari yake ni siku HELB inaingia. Wa ofisi ni mwisho wa mwezi. Mwingine si doo kabisa, ni kukosana na manzi, ama kukaa kejani Jumapili bila kitu ya kufanya. Mwingine alitumiwa skrinishoti na beshte mwenye ameomoka mara moja, na zile ishirini alichomwa hakutuma.

Na wale wa Telegram wa "odi za uhakika," jiulize tu swali moja. Ka huyo jamaa anajua game itaishia ngapi, mbona anasaka rwabe yako?

Leo leo, kabla hamu irudi

Hamu itarudi. Hiyo si laana, ni venye mwili iko. Marlatt aliwafunza watu wake kitu rahisi: hamu hupanda, hufika juu, halafu hushuka yenyewe ka hujailisha, na mara mob nusu saa haiishi kabla ianze kushuka. So kazi yako si kukosa hamu maisha yako yote. Kazi yako ni kupita hiyo nusu saa, na kuhakikisha hiyo nusu saa ikikupata, simu na doo haziko mahali pamoja.

Anza na simu. Toa apu, lakini usiishie hapo, juu kuirudisha ni dakika mbili. Ingia kwa akaunti mara ya mwisho uitishe wakufungie. Kampuni mob ziko na hiyo sehemu ya kujifungia, imefichwa tu chini kabisa. Halafu weka BetBlocker. Ni ya bure, inazuia masaiti za kubeti, na wewe ndio unachagua ni kwa muda gani. Chagua mrefu. Zima meseji za bonasi, toka kwa magrupu za mikeka, na ka kuna namba yenye hukutumia skrinishoti, iblok. Akiwa beshte wa ukweli ataelewa.

Usingoje serikali ikufanyie. 2019 ilikataa kuwapa leseni makampuni kubwa za kubeti, watu wakahamia zingine. Aprili 2025 ikasimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30, na siku 30 zikaisha. Sheria mpya ya kamari ilitiwa sahihi Agosti 2025, na ni poa iko, lakini haiko kejani kwako saa nane usiku.

Halafu doo. Siku doo inaingia, isilale kwa simu. Lipa rent kwa landlodi siku hiyo hiyo, nunua tokeni, nunua unga ya mwezi. Chenye kinabaki, peleka kwa chama ama sacco, ama ufungie kwa akiba yenye haifunguki hadi tarehe ikifika. Ka uko na siz, wife ama mathe mwenye unamwamini, acha yeye ndio ashike doo kwa muda. Unabaki na fare na ya lunch. Najua inaskika ni ka umerudi utoto. Lakini mtoto hachagui kushikiwa doo. Wewe umechagua.

Ya tatu ndio ngumu: ambia mtu mmoja. Si status, si grupu ya familia. Mtu mmoja. Na usizunguke sana, juu ukianza kueleza kutoka mwanzo utachoka ufiche nusu. Tuma hivi: "Buda, nimerudi kwa ile kitu. Nimechoma ngiri nne. Sikuitishi doo, nataka tu ujue, na nikikupigia usiku ushike." Imetosha. Siri ndio inalisha hii ugonjwa, na siri ikishajulikana na watu wawili inapunguza nguvu.

Madeni: piga hesabu, usipige mbio

Andika zote. Fuliza, zile loani za apu, duka, beshte, landlodi. Hata ile ya aibu. Ukishaziona kwa karatasi utashtuka, halafu utatulia, juu sasa ziko na mwisho.

Usikope ulipe deni ingine, na usiguse shailoki hata akikuchekea. Jua pia Fuliza hula ya kwanza: doo yoyote ikiingia, inajikata deni yake kabla wewe uione. So usipange bajeti na doo yenye ishaliwa. Ukishaimaliza, jitoe kabisa. Landlodi nenda umwone mwenyewe, mapema, na heshima: "Mzee, mwezi huu nitakupea nusu tarehe tano na nusu tarehe ishirini." Wengi watakunja uso, lakini mwenye anakuja kujieleza anakaa tofauti na mwenye anapita nyuma ya ploti akijificha.

Na ngiri nne? Ukilipa soo moja kila siku, inaisha kwa siku 40. Hiyo ndio njia ya kurudisha doo. Ni polepole na haina stori ya kupiga kwa base, lakini inaishia penye umepanga.

Na ball je?

Wasee mob huuliza, nikiacha kubeti niache pia ball? Kwa wengine ndio, kwa muda. Ka huwezi ona kona bila kufikiria odi, pumzika kidogo. Siku ya game toka kejani: cheza wewe mwenyewe, enda gym, enda umsaidie mathe kwa kibanda.

Lakini siku ya kurudi kwa ball iko. Kumbuka CHAN, Agosti 2025. Harambee Stars waliimaliza Moroko moja bila pale Kasarani, wakaongoza grupu, halafu Madagaska wakatutoa kwa penalti kwa robo fainali. Nchi nzima ililia. Kuna wenye walilia wakiwa na mkeka, na kuna wenye walilia tu juu ya Stars. Wa pili waliamka kesho yake na uchungu moja, si mbili. Enda Nyayo siku ya Gor na Ingwe ukiwa na tiketi, fare na maboyz wenye hawabeti, simu ibaki nyumbani. Utashangaa venye dakika 90 ni ndefu na tamu ka hakuna kitu unangoja zaidi ya goli.

Wewe beshte, wewe mathe

Ka ni mtu wako ameteleza na amekuambia, jua imemgharimu. Maneno ya kwanza yenye utasema ataishi nayo. Usiulize "tena?" Uliza "umekula?" Halafu uliza "sai uko na simu na doo pamoja?"

Usimpe keshi, hata akiwa na sababu tamu. Nunua unga, lipa tokeni, mpeleke mwenyewe kwa landlodi. Usilipe madeni zote kimya kimya ndio jina ya familia isiharibike, juu ukizilipa bila yeye kuona karatasi, umemfungulia nafasi ya kukopa upya. Lakini usimfungie mlango pia. Unaweza kataa kumpa doo na bado ukamwekea chapo na madondo.

Na ukimwona amenyamaza sana, anapeana vitu zake, ama anaongea ni ka hatakuwa wiki ijayo, usingoje. Muulize direkti ka anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumpandii hiyo wazo. Kunamfungulia mlango.

Ka kichwa imeingia giza

Hii ni yako, mse, ka hiyo usiku ulifikiria afadhali usiamke. Hakuna deni yenye inatosha maisha yako. Piga 1199 ya Kenya Red Cross, ni ya bure, kuna mtu wa kukuskiza. Ukiweza fika, hospitali ya Mathari iko Thika Road, na kazi yao ni hii: magonjwa ya akili na uraibu. Na usiogope karao. Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu chenye kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai kinaenda kinyume na Katiba. Kuomba usaidizi hakukupeleki seli.

Ka unataka wasee wenye wamepitia hii kitu yenyewe, Gamblers Anonymous walianza Los Angeles 1957, na siku hizi wako na mikutano kwa mtandao. Unaingia na jina moja, unaskiza, hata ka hutaki kuongea. Utapata msee mwenye amekaa miaka mob bila kubeti, na ukimuuliza aliteleza mara ngapi kabla hiyo miaka ianze, usishangae akikuambia amesahau kuhesabu.

So hivi ndio tutafanya. Usijiapishe ati hutawahi beti tena maisha yako yote. Hiyo ni kiapo nzito ya mtu mwenye hajalala. Jiambie tu leo hakuna beti ya pili. Shika simu, tafuta ile jina yenye ilikuja kwa kichwa nikisema "mtu mmoja," na umtumie hiyo meseji kabla ufungue kitu ingine. Akishajibu, kula, ulale. Karatasi ya madeni tutaiandika kesho.